Mgagani: Gugu la Zizini Linalostahili Tuta Bustanini

Mvua za kwanza zikishanyesha kwa juma moja au mawili, kuna mmea ambao hujitokeza bila kupandwa na mtu. Huota kandokando ya mazizi, kwenye majalala ya zamani, katika mahame yaliyobaki kuta tupu, na katikati ya mistari ya mahindi ambayo bado hayajafika magotini. Wakulima wengine huung'oa kwenye palizi ya kwanza pamoja na magugu mengine na kuutupa pembezoni mwa shamba. Wengine huuruka kwa jembe, wakauacha usimame palepale, na jioni hurudi na ungo kuchuma majani yake kwa ajili ya mboga ya usiku. Mmea huo ni mgagani.

Katika sehemu mbalimbali za ukanda wa Waswahili mmea huu huitwa pia mwangani, mgange, mkabili au mkabilishemsi, jina lenye maana ya kitu kinacholikabili jua. Majirani wa Kenya wanaufahamu sana: Waluo huuita dek, Wakisii chinsaga, Wakalenjin saget, na katika masoko ya Nairobi hutajwa kwa jina fupi la saga. Jina lake la kisayansi ni Cleome gynandra, alilopewa na mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, mwaka 1753, ingawa wataalamu wengine huuandika Gynandropsis gynandra. Ni ndugu wa karibu wa jamii ya kabichi na haradali, na undugu huo hujidhihirisha mara jani linapotafunwa bichi, kwa ule ukali unaopanda puani.

Makala haya yanaeleza namna ya kuutambua mgagani, mahali unapopenda kuota, matumizi yake, na hasa namna ya kuulima nyumbani. Suala la kuulima limepewa nafasi kubwa kwa sababu moja. Kuchuma mgagani wa porini, jambo ambalo kwa vizazi vingi lilikuwa salama kabisa, si salama tena katika kila shamba.

Namna ya kuutambua

Mgagani ni mmea wa msimu mmoja. Husimama wima, hutoa matawi mengi, na kwa kawaida hufikia urefu wa kati ya nusu mita na mita moja, ingawa kwenye udongo wenye samadi nyingi huweza kumpita mtoto wa shule. Shina lake huwa la kijani au la zambarau, na mara nyingi aina hizo mbili huota pamoja katika shamba moja. Shina na majani vimefunikwa vinyweleo vifupi vyenye utomvu mwembamba unaonata kidogo vidoleni na kutoa harufu kali. Anayeuchuma kwa mara ya kwanza huikumbuka harufu hiyo hata baada ya kunawa mikono.

Jani lake limegawanyika katika vijani vilivyotandazwa kama vidole vya mkono. Mara nyingi huwa vitano, lakini vitatu au saba pia huonekana. Umbo hilo limewahi kuwatia watu mashaka, kwa kuwa asiyeufahamu mmea huu huweza kudhani kwa mbali kwamba ameona bangi. Tofauti si ngumu kuiona: vijani vya bangi ni virefu, vimechongoka na vina meno makubwa kama ya msumeno, ilhali vya mgagani ni vifupi, vipana zaidi sehemu ya kati, na kingo zake ni laini au zina meno madogo yasiyoonekana kwa urahisi. Maua nayo hayana uhusiano wowote.

Ua la mgagani ndilo alama isiyodanganya. Maua hutokea kileleni mwa shina katika shada refu, ya chini yakitangulia kuchanua huku ya juu yakiwa bado vitumba. Kila ua lina petali nne nyeupe, wakati mwingine zenye wekundu wa mbali au zambarau hafifu. Kutoka katikati ya petali hizo huchomoza kijiti chembamba, na juu ya kijiti hicho, si chini yake kama ilivyo katika maua mengi, ndipo zinapokaa stameni sita zenye chavua pamoja na kiini cha tunda. Kwa mbali ua zima huonekana kama buibui aliyenyoosha miguu. Baadaye kiini hicho hurefuka kuwa ganda jembamba, lililosimama au kuinama kidogo, linaloweza kufikia urefu wa sentimita 12 na kujaa mbegu ndogo nyeusi zilizokunjamana mfano wa konokono. Ganda likikauka hupasuka lenyewe na kuzimwaga mbegu chini. Hiyo ndiyo siri ya mgagani kurudi mahali palepale mwaka baada ya mwaka.

Mahali unapopenda kuota

Mgagani unapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika na pia katika nchi za Asia. Nchini Tanzania huonekana kuanzia pwani hadi kwenye miinuko, na huweza kuota hata kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, mmea huu ni mpenda joto. Katika maeneo yenye baridi kali hudumaa, majani yake huwa madogo, na mkulima hapati mavuno ya kumridhisha.

Jina la mkabilishemsi halikutolewa bure. Wataalamu huuweka mgagani katika kundi moja na mahindi, mtama, miwa na mchicha kwa namna unavyotengeneza chakula chake. Mimea ya kundi hilo hutumia mwanga mkali na joto kwa ufanisi mkubwa huku ikipoteza maji kidogo, na ndiyo maana mgagani huendelea kuwa kijani siku ambazo mboga nyingine zimelala. Mmea ulio kivulini, chini ya mwembe au nyuma ya nyumba, hurefuka shingo na kuwa na majani machache mepesi.

Kwa upande wa udongo, mgagani hupenda ule wenye mboji nyingi usiotuamisha maji. Kuota kwake kandokando ya mazizi na majalala kunatokana na rutuba iliyolundikana hapo. Ardhi inayojaa maji huuua haraka: mizizi huoza, majani hugeuka njano, na katika siku chache mmea huanguka.

Chakula na afya

Majani machanga na ncha laini za mgagani ndizo huliwa. Zina karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, zina vitamini C, foleti, protini, kalsiamu na madini ya chuma. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, mboga yenye virutubisho hivyo inayoota yenyewe nyuma ya zizi haipaswi kuitwa chakula cha wasio na uwezo. Inasikitisha kwamba katika baadhi ya kaya mgagani huandaliwa jikoni wageni wakishaondoka, na wageni wenyewe hupikiwa kabichi.

Uchungu wa mgagani ndio unaowakimbiza watoto na vijana. Kwa desturi, uchungu huo huondolewa kwa kuchemsha majani kwa muda mrefu, kumwaga maji, kisha kuchemsha tena. Njia hiyo hufanya kazi, lakini maji yanayomwagwa huondoka na sehemu kubwa ya vitamini C na foleti. Njia iliyo bora ni kuchemsha majani kwa maji kidogo kwa dakika chache, kisha kuyaunga kwa karanga zilizosagwa, maziwa ya mgando au tui la nazi. Maziwa hupunguza uchungu, na mafuta yaliyomo katika karanga na nazi huusaidia mwili kuipokea ile karotini. Wapishi wengi huchanganya mgagani na mchicha, majani ya kunde au mnavu, na mchanganyiko huo ndio unaofaa kumwanzishia mtoto aliyekwisha kuanza kula chakula cha nyongeza.

Madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani hayafyonzwi mwilini kwa urahisi kama yale ya nyama. Kukamulia limau au ndimu wakati wa kula, au kuongeza nyanya mbichi pembeni ya sahani, huongeza kiasi kinachofyonzwa. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, kwa hiyo ni vema zisinywewe pamoja na mlo huo. Ikumbukwe pia kuwa mboga hii haichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki. Mama anayekula mgagani kila siku anapaswa kuendelea kuvimeza kama alivyoelekezwa.

Pale mgagani unapokuwa mwingi kuliko mahitaji ya siku, hukaushwa. Majani huoshwa, hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, huchujwa, kisha hutandazwa juu ya wavu safi. Yaanikwe kivulini penye upepo, au yafunikwe kitambaa chepesi iwapo yako juani, kwa sababu jua kali huharibu vitamini A. Majani yaliyokauka vizuri huvunjika yanapofinywa, na hutunzwa kwenye chombo kinachofunga barabara hadi kiangazi. Kaskazini mwa Namibia wanawake huchemsha majani ya aina hii, huyafinyanga kuwa vipande bapa mfano wa mikate midogo, na kuvianika. Vipande hivyo ni rahisi kutunza na kusafirisha, na hakuna kinachozuia ufundi huo kujaribiwa hapa.

Mgagani una matumizi mengine nje ya chungu. Mwaka 1992 watafiti wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, nchini Kenya, walichapisha matokeo yaliyoonesha kuwa majani yake hufukuza kupe na hata kuwaua, na kwamba mahali ulipoota kwa wingi kupe hawakuonekana karibu nao. Wafugaji wengi walikuwa wakiyajua hayo kwa macho yao. Hilo halimwondolei mfugaji wajibu wa kuogesha mifugo, ila ni sababu nzuri ya kutoufyeka mgagani wote unaozunguka zizi.

Katika tiba za asili, majani hupondwa na kuwekwa penye maumivu, na maji yake wakati mwingine hudondoshwa sikioni. Zoezi hili la mwisho halifai. Maji ya majani yana ukali unaoweza kuunguza ngozi laini ya ndani ya sikio, na iwapo ngoma ya sikio imetoboka madhara huwa makubwa zaidi. Mtoto anayelia sikio apelekwe zahanati.

Hatari iliyoingia shambani

Zamani mchumaji wa mgagani alihitaji kujua jambo moja tu, nalo ni mahali unapoota. Siku hizi anahitaji kujua pia ni nini kilichopuliziwa hapo na lini. Matumizi ya viuagugu katika mashamba ya mahindi na mpunga yameenea kwa kuwa yanapunguza gharama za palizi, na hakuna anayeweza kumlaumu mkulima kwa kutaka kuokoa nguvu zake. Tatizo ni kwamba kiuagugu hakiui palepale. Mmea uliopuliziwa asubuhi huonekana mzima jioni, na huenda ukabaki kijani kwa siku kadhaa kabla ya kunyauka. Mama au mtoto anayepita njiani na kuuona hana alama yoyote ya kumwonya.

Kadhalika, mgagani unaoota kandokando ya barabara kuu hupokea moshi na vumbi la magari, na ule wa kwenye majalala ya mjini huweza kunyonya mabaki ya betri, rangi na takataka nyingine zilizozikwa chini. Kuosha majani huondoa vumbi na vijidudu vya juu, lakini hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya mmea.

Kwa hiyo wakazi wanashauriwa kutochuma mboga katika shamba la mtu bila kumuuliza mwenyewe kama amepulizia. Swali hilo si utovu wa adabu. Mkulima naye anayepulizia ana wajibu wa kuwaarifu majirani, na njia rahisi ni kufunga kitambaa chekundu kwenye fito pembezoni mwa shamba na kukiacha hapo hadi muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa upite. Watoto waelezwe maana ya kitambaa hicho, kwani mara nyingi wao ndio wanaotumwa kuchuma.

Dawa hizo hizo zinaupunguza mgagani wenyewe. Shamba linalopuliziwa kila msimu kabla mimea haijatoa mbegu hatimaye hubaki bila mgagani kabisa, na wazee katika maeneo mengi wanakiri kwamba sasa wanatembea mbali zaidi kuupata. Jibu la matatizo yote mawili ni moja: kuutoa mgagani porini na kuupa tuta lake nyumbani.

Kuulima

Kiasi cha ardhi kinachohitajika ni kidogo. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita kumi, lililo mahali penye jua kutwa, linatosha kuipatia kaya ya wastani mboga mara kadhaa kwa wiki katika kipindi cha mavuno. Udongo utifuliwe hadi kina cha jembe, kisha uchanganywe na samadi iliyooza vizuri kwa kiasi cha debe moja kwa kila mita tano za mraba. Samadi mbichi isitumike, kwa kuwa huunguza miche na kuleta magugu mengi. Mahali panapotuama maji, tuta liinuliwe. Mahali pakavu, liwe sawa na ardhi au chini kidogo ili lihifadhi maji ya kumwagilia.

Mgagani haupendi kuhamishwa. Una mzizi mkuu unaozama moja kwa moja, na ukikatika mmea hukaa muda mrefu bila kukua au hufa. Kwa sababu hiyo mbegu husiwa moja kwa moja tutani badala ya kupitia kitaluni. Chora mifereji midogo yenye kina cha sentimita moja, ikiachana sentimita 30. Vijiko vitatu vya chai vya mbegu vinatosha tuta zima la mita kumi. Kwa kuwa mbegu ni ndogo, zichanganywe na mchanga mkavu mara kumi ya ujazo wake, zinyunyizwe kwenye mifereji na kufunikwa kwa udongo mwembamba. Zisiachwe wazi, maana mbegu za mgagani huota vizuri zaidi zikiwa gizani. Funika tuta kwa nyasi kavu, mwagilia taratibu, na ondoa nyasi hizo mara miche inapoanza kuchomoza, jambo ambalo katika joto zuri hutokea kati ya siku ya nne na ya kumi.

Baada ya wiki mbili au tatu miche hupunguziwa hadi kila mmoja uwe umbali wa sentimita 10 hadi 15 na mwenzake. Wengi huona uchungu kung'oa miche yenye afya, na matokeo yake hupata msitu wa vijiti vyembamba visivyo na majani. Miche iliyong'olewa haipotei, kwani ndiyo mboga ya kwanza ya msimu na ndiyo laini kuliko zote.

Mmea unapofikia kiasi cha sentimita 15, katika wiki ya nne hivi, ncha yake ikatwe. Kukata huko huulazimisha mmea kutoa matawi ya pembeni, na kila tawi huleta majani mapya. Kutoka hapo uchumaji hufanyika kila wiki kwa muda wa wiki nne hadi sita. Vitumba vya maua vikijitokeza viondolewe mara moja, kwa sababu mmea ukishaanza kulea mbegu huacha kutoa majani, na yaliyopo huwa madogo na machungu zaidi. Ukame huharakisha maua. Bustani isiyomwagiliwa kwa siku nyingi hugeuka kuwa shada la maua meupe, mazuri kwa macho na kwa nyuki lakini si kwa chungu.

Kuhusu mbolea za viwandani, uangalifu unahitajika. Mbolea ya naitrojeni huongeza majani na rangi ya kijani iliyokolea, na wauzaji wanaipenda kwa hilo. Hata hivyo, ikizidishwa hulundika naitreti ndani ya majani, kitu kisichofaa kwa mlaji. Penye samadi ya kutosha hakuna haja ya kuongeza kitu.

Wadudu wanaousumbua ni vidukari, viroboto wa mboga wanaotoboa majani matundu madogo, na kunguni wa mboga wenye madoa. Ndege nao huifuata miche michanga. Kwa bustani ya nyumbani, kuwaponda vidukari kwa vidole, kunyunyizia maji ya sabuni ya kufulia yaliyo mepesi na kung'oa mimea iliyoshambuliwa sana hutosha. Mahali ambapo mizizi inaonekana kuwa na vinundu, dalili ya minyoo fundo, tuta lipumzishwe kwa kupanda mahindi msimu unaofuata. Viuatilifu vikali havina sababu katika mboga inayochumwa kila wiki, kwa kuwa hakuna nafasi ya kusubiri siku zinazotakiwa kati ya kupulizia na kula.

Wanaotaka kulima kwa ajili ya soko wanaweza kupata ushauri kwa afisa kilimo wa kata, ambaye pia ataeleza mahali pa kupata mbegu zilizothibitishwa. Kituo cha kanda cha utafiti wa mboga cha kimataifa kilichopo Tengeru, Arusha, tangu mwaka 1992, kimefanya kazi kubwa ya kukusanya na kuchagua mbegu za mboga za asili, mgagani ukiwa mmojawapo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kilimo cha mboga ni miongoni mwa shughuli zinazoweza kuandikiwa andiko la mradi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanzia kwake, si ofisi za makao makuu ya wilaya, na kufanya hivyo humwokolea mwombaji nauli.

Mbegu

Kushindwa kwingi katika kilimo cha mgagani huanzia kwenye mbegu. Malalamiko ya kawaida ni kwamba mtu amevuna mbegu zake, amezipanda wiki iliyofuata, na hakuna kilichoota. Mbegu hizo hazikuwa mbovu. Mbegu mpya za mgagani huwa usingizini, na huhitaji kukaa pakavu kwa miezi mitatu hadi sita kabla hazijawa tayari kuota. Wazee waliokuwa wakizitunza kwenye vibuyu juu ya meko hadi msimu mwingine walikuwa wakifanya jambo sahihi.

Kosa la pili halionekani haraka, lakini madhara yake ni makubwa zaidi. Katika bustani nyingi mimea mizuri, yenye majani mapana, huchumwa mpaka inakwisha, na inayoachwa itoe mbegu ni ile midogo iliyowahi kuchanua na ambayo haikuwa na majani ya kuchuma. Mkulima hukusanya mbegu hizo akidhani amefanya akiba. Kumbe amechagua, bila kukusudia, mmea dhaifu unaokimbilia maua, na mwaka baada ya mwaka bustani yake hutoa majani machache zaidi. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake: mwanzoni kabisa mwa msimu ichaguliwe mimea kumi au kumi na tano iliyo bora kuliko yote, yenye majani makubwa na inayochelewa kuchanua, ifungwe kitambaa au uzi wa rangi, na isiguswe. Mwenye nyumba awaeleze watoto na wageni wote wanaoingia bustanini kwamba mimea hiyo si ya kuchumwa.

Mbegu huwa tayari kati ya mwezi wa tatu na wa nne tangu kupanda. Maganda hukatwa yanapogeuka njano, kabla hayajakauka na kupasuka yenyewe. Kwa kuwa yale ya chini hutangulia kukomaa, uvunaji hurudiwa mara mbili au tatu. Yaanikwe juu ya turubai au ndani ya gunia, kisha yapurwe taratibu na kupepetwa. Mbegu zilizo safi zianikwe tena kivulini kwa siku chache na kuwekwa kwenye chupa kavu inayofunga, pamoja na majivu makavu kidogo ya kufyonza unyevu.

Kabla ya kupanda, ni busara kuzipima. Hesabu mbegu 20, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali penye joto na giza, na uhakikishe kitambaa hakikauki. Baada ya siku kumi zihesabiwe zilizochipua. Zikiwa 15 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa chini ya 10, kiasi cha kupanda kiongezwe mara mbili, au zisubiriwe mwezi mwingine na kupimwa tena.

Kila chupa ibandikwe karatasi yenye tarehe ya kuvuna. Mbegu zilizovunwa mwezi Mei, kwa mfano, zisipandwe kabla ya Septemba.